Mwalimu Asiyesahihishwa: Funzo Kutoka Wodi ya Mifupa

Kila wanachuo wetu wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Mbalizi na vijiji vya jirani, hatukosi kuwakumbusha habari ya barabara. Mbalizi umekaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia. Malori yenye mizigo mizito huteremka mteremko wa Iwambi, pikipiki za abiria hupenya katikati yake, na watoto wa shule hutembea ukingoni wakiwa na mifuko ya madaftari mgongoni. Mahali kama hapo, kuvunjika mfupa si habari ya ajabu.

Katika msimu mmoja wa mazoezi hayo mtoto wa Darasa la Pili, katika shule tuliyokuwa tukiisimamia, aligongwa na pikipiki akavunjika mfupa wa paja. Sisi wakufunzi wawili, pamoja na mwalimu wake wa darasa, tulikwenda kumtazama katika hospitali moja kubwa ya nyanda hizi. Tulimkuta amelala chali, mguu umevutwa juu kwa kamba na uzito, kama watibuvyo watoto wa umri ule ili mfupa uunge ukiwa umenyooka. Tulipokuwa pale, mkuu wa idara ya mifupa alipita na wanafunzi wake wa udaktari. Kijana mmoja alianza kueleza habari za mtoto yule, akasema kwamba paja la kulia ndilo lililovunjika. Muuguzi aliyesimama nyuma kabisa akasema kwa sauti ya kawaida, "Samahani Daktari, ni la kushoto." Kijana akatahayari. Yule mkuu hakukasirika wala hakucheka. Alimgeukia muuguzi akamwambia, "Ahsante, Dada," kisha akamwambia kijana, "Anza tena. Safari hii mtazame mgonjwa, usitazame karatasi."

Mambo hayo yalichukua muda mfupi kuliko huu tunaoutumia kuyasimulia. Lakini tulirudi Mbalizi tukiwa kimya garini, kwa sababu asubuhi ya siku ileile tulikuwa tumeona jambo kama hilo darasani, nalo halikuishia hivyo. Tutalieleza mbele. Kwanza twataka kusema wazi jambo tunaloliamini, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: mwalimu wa shule ya msingi ana mengi ya kujifunza kutoka kwa mtu anayeongoza idara ya upasuaji wa mifupa katika hospitali ya kufundishia, na lililo kuu miongoni mwa hayo ni kukubali kusahihishwa na walio chini yake.

Undugu wa kazi hizi mbili

Huenda mwanachuo akauliza: mifupa na ubao vinahusianaje? Undugu wao ni wa tangu jina. Neno ambalo mataifa ya Ulaya hulitumia kwa tiba ya mifupa, ambalo sisi twalitamka othopedia, lilibuniwa na daktari Mfaransa, Nicolas Andry, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1741. Aliliunganisha kutoka maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kunyooka na jingine lenye maana ya mtoto. Kitabu chake kilikuwa cha wazazi, kikiwafundisha jinsi ya kuwalea watoto ili viungo vyao visipinde. Ndani yake mlikuwa na picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye nguzo iliyonyooka. Hata leo vyama vingi vya wapasuaji wa mifupa duniani hutumia picha hiyo kuwa nembo yao.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa picha ile, kwa kuwa wazee wetu walikwisha kusema: samaki mkunje angali mbichi. Yafaa, hata hivyo, kutazama vizuri jinsi kamba ilivyofungwa. Haivunji mti, huushikilia tu, siku baada ya siku, mpaka mti wenyewe ukue ukielekea juu.

Tiba ya watoto wanaozaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizogeukia ndani, yatupa ushahidi wa jambo hilo. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliinyoosha miguu hiyo kwa upasuaji mkubwa, na aghalabu mtoto alipokuwa mtu mzima mguu wake ulikuwa mkavu wenye maumivu. Ignacio Ponseti, Mhispania aliyehamia Marekani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Iowa, alionyesha njia nyingine. Mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa kidogo kwa mkono mwororo, kisha hufungwa plasta, au hogo kama watu wanavyoiita. Baada ya wiki moja plasta hufunguliwa, mguu hunyooshwa kidogo tena, hufungwa tena. Kwa kawaida plasta tano au sita hutosha. Baada ya hapo mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa, na mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, kwanza usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afikapo umri wa miaka minne hivi. Nchini Uganda watumishi wa tiba ya mifupa wasio madaktari wamefundishwa njia hiyo na wanaitumia vizuri.

Mwalimu anayefundisha kusoma Darasa la Kwanza ajiulize: je, mimi namnyoosha mtoto kwa plasta ya kila wiki, au nataka kumvunja siku moja ili anyooke kesho yake, kabla mkaguzi hajaja?

Mkuu wa idara hufanya kazi gani?

Wengi hudhani kwamba mkuu wa idara ya upasuaji ni yule ashikaye kisu vizuri kuliko wenzake. Hiyo ni sehemu tu ya kazi yake, na pengine si iliyo kubwa. Katika chuo cha udaktari mkuu wa idara ana mizigo minne kwa wakati mmoja: hutibu wagonjwa, hufundisha wanafunzi, huchunguza ili kupata maarifa mapya, na huwatunza watumishi pamoja na vyombo vyao. Akosapo sabuni ya kunawia, ni shauri lake. Wafanyakazi wawili wakigombana, ni shauri lake. Mgonjwa akifa usiku yeye akiwa nyumbani, bado ni shauri lake asubuhi. Ndiyo maana wahenga walisema, mkubwa ni jaa: kila takataka hutupwa kwake.

Hapa kwetu kazi hiyo ina historia. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, ikawa Kitivo cha Udaktari cha chuo kikuu mwaka 1968, na tangu mwaka 2007 imekuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wapasuaji wa mifupa wa Muhimbili walihudumu kwanza kama idara ndani ya hospitali kubwa, hata Bunge likapitisha sheria mwaka 1996 ya kuanzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo hutibu pia magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Hayati Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki Machi 2025, alikuwa mmoja wa mabingwa waliotibu na kufundisha Muhimbili kabla ya kuwa Waziri wa Afya. Tangu mwaka 1999 kipo pia Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, ambacho huwafundisha wapasuaji wakiwa kazini katika hospitali zao. Na hapa Mbeya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya, ambayo wanafunzi wake hawalazimiki tena kukipa kisogo Kipengere ili wapate kusomea udaktari.

Siku ya kazi katika idara ya namna hiyo huanza kwa kikao cha asubuhi. Daktari aliyelala zamu hueleza wagonjwa waliopokelewa usiku, mmoja mmoja, na picha zao za eksirei huonyeshwa mbele ya wote. Mkuu mwenye busara hamwulizi kwanza daktari mwenye uzoefu. Humwuliza mwanafunzi mchanga kuliko wote: "Waona nini?" Hasemi, "Ni ugonjwa gani?" Kwanza mwanafunzi ataje anachokiona: mfupa gani, umevunjika wapi, umehama upande gani. Baada ya hapo ndipo aruhusiwe kusema anachokidhani. Sababu yake ni rahisi. Bingwa akitangulia kusema, vijana wote watakubaliana naye, na yeye hatajua kamwe nani haoni.

Jambo hili lamhusu sana mwalimu wa shule ya msingi. Mara ngapi tumekaa nyuma ya darasa tukasikia mwalimu akiuliza swali, kisha mtoto yuleyule hodari wa mstari wa mbele akajibu, darasa zima likaitikia "Ndiyo!", na mwalimu akafuta ubao akaendelea? Darasa limeitikia, lakini mwalimu hajapata habari yoyote.

Hatua nne

Wapasuaji wamefikiri sana juu ya namna ya kufundisha kazi ya mikono. Kwa muda mrefu msemo wao ulikuwa: ona mara moja, tenda mara moja, fundisha mara moja. Mwenye akili ataona hatari yake. Mwaka 1998 mpasuaji Rodney Peyton aliandika habari za kufundisha kwa hatua nne, na hatua hizo zimeenea katika vyuo vingi vya udaktari. Twazieleza hapa kwa sababu zaweza kutumika kesho asubuhi katika Darasa la Nne.

Hatua ya kwanza: mwalimu hutenda jambo lote kwa mwendo wake wa kawaida, bila kusema neno. Mwanafunzi hupata picha ya kazi nzima. Hatua ya pili: mwalimu hurudia polepole, akieleza kila kitendo na sababu yake. Hatua ya tatu: mwalimu hutenda tena, lakini safari hii mwanafunzi ndiye aelezaye, naye mwalimu hatendi chochote mpaka aambiwe. Hatua ya nne: mwanafunzi hutenda mwenyewe huku akieleza.

Tuchukue mfano wa kugawanya: 618 kugawanya kwa 6. Mwalimu aifanye hesabu ubaoni kimya, mpaka apate 103. Aifute, aifanye tena akisema: sita katika sita ni moja, sita katika moja haimo, kwa hiyo naandika sifuri, wala siruki, nashusha nane, yawa kumi na nane, sita katika kumi na nane ni tatu. Kisha ashike chaki mkononi awaambie watoto, "Sasa niambieni nifanye nini." Hapo ndipo mambo hudhihirika. Mtoto akisahau ile sifuri, mwalimu aandike vilevile alivyoambiwa, apate 13, kisha aulize: "Je, 13 mara 6 ni ngapi?" Watoto wenyewe watapata 78, wataona kuwa si 618, nao watarudi kuitafuta sifuri iliyopotea.

Walimu wengi wanachuo hufanya hatua ya pili na ya nne tu. Hueleza, kisha huandika zoezi. Hatua ya tatu huachwa, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana ndiyo peke yake inayomfanya mwalimu amtii mwanafunzi kwa muda, na kusikia fikira zake kabla hajaharibu kazi. Mpasuaji hawezi kuiacha, kwa kuwa nyama ya mtu haifutiki kama chaki. Sisi huiacha kwa sababu twadhani daftari hufutika. Lakini akili ya mtoto nayo si ubao.

Zana za mahali

Jambo la tatu la kuiga ni jinsi viongozi wa idara hizo walivyojitafutia vyombo. Katika miaka ya 1960 Ronald Huckstep alifundisha upasuaji wa mifupa katika chuo cha Makerere na hospitali ya Mulago, Kampala. Wakati ule ugonjwa wa polio uliwaacha watoto wengi wakitambaa. Vyuma vya miguu vya kuagiza Ulaya vilikuwa ghali, na vilipovunjika hapakuwa na wa kuvitengeneza. Huckstep na wenzake waliamua kwamba vyuma vya miguu, magongo na viti vya magurudumu vitengenezwe papo hapo, kwa vitu vilivyopatikana nchini, katika karakana rahisi. Baadaye maarifa hayo aliyaandika vitabuni, yakasomwa katika nchi nyingi. Mwaka 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa imeepukana na virusi vya polio vya asili, lakini funzo la karakana ile halijachakaa.

Mwanachuo anayelalamika kwamba hana zana za kufundishia, akumbuke karakana ya Mulago. Mbalizi hakukosekani visoda, mahindi, vijiti vya mianzi wala maboksi ya maduka. Tumeyasema haya mara nyingi, kwa hiyo hatutayarefusha.

Lile lililotukalia kooni

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Mwanachuo wetu mmoja, kijana mwenye bidii na andalio la somo lililoandikwa kwa hati safi, alikuwa akifundisha hesabu ileile ya 618 kugawanya kwa 6. Kwa haraka, na pengine kwa hofu ya kutuona sisi tumekaa nyuma, aliiruka sifuri. Akaandika 13, akapiga mstari chini yake. Msichana mmoja wa mstari wa tatu akanyoosha kidole akasema, "Mwalimu, mbona 13 mara 6 ni 78?" Mwalimu wetu akatazama ubao, akatutazama sisi, akamwambia, "Kaa chini. Usimfundishe mwalimu." Watoto zaidi ya sitini wakanakili 13 katika madaftari yao.

Je, sisi tulifanya nini? Twaona haya kusema. Tulinyamaza. Tuliogopa kumwaibisha mwanachuo mbele ya darasa lake. Tulimweleza kosa lake baadaye chini ya mti, naye alikubali, na siku ya pili aliisahihisha hesabu ubaoni. Lakini hakumtaja yule msichana, wala sisi hatukumwagiza amtaje. Tulihudhuria darasa lile mara tatu zaidi. Msichana yule hakunyoosha kidole tena.

Hapo ndipo tulipoielewa thamani ya ile "Ahsante, Dada." Kwa kosa la hesabu twaweza kusema lilisahihishwa. Kosa la kumnyamazisha mtu aliyeona kweli halikusahihishwa, na lile lilikuwa letu sote watatu.

Katika upasuaji kosa la namna hiyo laweza kuua. Mwezi Novemba mwaka 2007 nchi yetu ilishtushwa na habari zilizotoka Muhimbili, kwamba wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyekuwa apasuliwe goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa apasuliwe kichwa alipasuliwa goti. Mmoja wao alifariki baadaye. Hatulitaji jambo hili ili kuwalaumu watu ambao kazi yao sisi hatuiwezi. Makosa ya aina hiyo, ya mgonjwa siye au upande sio, yametokea katika hospitali za nchi tajiri pia. Twalitaja kwa sababu ya dawa iliyotafutwa.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha katika kila upasuaji: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Kisha kwa sauti hutajwa jina la mgonjwa, kiungo kitakachopasuliwa na kazi itakayofanyika. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, na moja ya hizo ilikuwa hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa jumla ya hospitali zile, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji yakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7.

Mtu ataona ajabu kwamba kutaja majina kwaweza kuokoa maisha. Lakini tufikiri kidogo. Muuguzi mchanga ambaye amekwisha kutoa sauti yake mara moja chumbani, akasikilizwa, huona wepesi kuitoa tena aonapo jambo baya. Asiyeulizwa lolote tangu mwanzo hujiona ni kiti. Na mkuu anayekubali kuhojiwa na orodha mbele ya wadogo wake amewaambia wote, bila hotuba, kwamba yeye naye aweza kukosea.

Pingamizi mbili

Tunajua tutakayojibiwa. La kwanza litakuwa la heshima. Wengine watasema kwamba katika mila zetu, za Wasafwa, za Wanyakyusa, za Wahehe na za wengineo, mtoto hamsahihishi mkubwa. Ukimruhusu leo akusahihishe hesabu, kesho atakupanda kichwani. Hatulidharau neno hili. Sisi wenyewe tumelelewa hivyo, na twataka watoto waamkie wakubwa na kuwapokea mizigo. Lakini tutofautishe mtoto anayemdharau mwalimu na mtoto anayemwokoa. Msichana yule alinyoosha kidole, akangoja aruhusiwe, akaanza na neno "Mwalimu." Adabu gani iliyokosekana? Yule muuguzi naye alisema "Samahani Daktari." Heshima inahusu namna ya kusema. Haikumtaka mtu aifiche kweli. Katika baraza la wazee, kijana aliyeona moto unawaka nyumbani kwa mzee hangojei mzee amalize hadithi.

La pili litakuwa la wingi wa watoto. Daktari ana wanafunzi wanane kando ya kitanda. Mwalimu ana sabini, wengine wamekaa sakafuni. Pingamizi hili ni kweli, nasi hatuna dawa ya kulifuta. Lakini tazama: kadiri watoto walivyo wengi, ndivyo kosa moja la ubaoni linavyozaa makosa mengi. Daktari akikosea hukosea kwa mgonjwa mmoja. Mwalimu wetu alikosea kwa madaftari sitini. Basi mwenye darasa kubwa ndiye anayehitaji zaidi macho ya watoto wake.

Tunachopendekeza

Kwa mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezini twatoa mapendekezo matatu, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, siku ya kwanza darasani kila mtoto ataje jina lake kwa sauti, na mwalimu alirudie. Kwa darasa la watoto sabini kazi hiyo yaweza kuchukua nusu ya kipindi. Si muda uliopotea. Mtoto aliyekwisha kusikika ataweza kusikika tena.

Pili, kabla darasa halijanakili chochote kutoka ubaoni, mwalimu asimame na kusema: "Tuhakikishe." Watoto wawili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, waihakikishe kazi: kwa kuzidisha ikiwa ni hesabu ya kugawanya, kwa kusoma kwa sauti ikiwa ni sentensi. Wabadilishwe kila siku. Atakayeona kosa la mwalimu ashukuriwe kwa jina lake, mbele ya wote.

Tatu, mwalimu awe na daftari dogo la makosa yake mwenyewe. Alikuwako Boston, Marekani, mpasuaji aitwaye Ernest Codman, aliyewafuatilia wagonjwa wake baada ya kutoka hospitali ili ajue kama kweli walipona. Katika hospitali yake ndogo, kati ya mwaka 1911 na 1916, aliandika habari za wagonjwa 337 na makosa 123, akayachapisha makosa hayo watu wayasome. Wenzake wengi walimchukia kwa sababu hiyo. Leo vikao vya kujadili vifo na makosa ni jambo la kawaida katika idara za upasuaji. Hatumwambii mwanachuo achapishe. Aandike tu kila jioni kosa moja na jinsi alivyolijua: je, alilijua mwenyewe, au aliambiwa na mtoto? Akiona mwezi mzima umepita bila mtoto hata mmoja kumwambia, asifurahi. Ajue kwamba darasa lake limekwisha kumwogopa.

Nasi wakufunzi twajipa zamu yetu. Tumekubaliana kwamba tukaapo nyuma ya darasa tukaona kosa, hatutanyamaza tena tukingoja mti wa nje. Tutanyoosha kidole kama mtoto mwingine yeyote, tuseme, "Samahani Mwalimu." Mwanachuo atakayejibu "Ahsante" tutamwandikia alama nzuri kuliko aliyefundisha bila kosa mbele ya darasa lililonyamaza.

Mtoto yule wa paja alirudi shuleni baada ya miezi kadhaa, akichechemea mwanzoni, kisha akitembea sawasawa. Mfupa wake uliunga. Hatujui kama yule msichana wa mstari wa tatu amepata mwalimu mwingine wa kumwita kwa jina na kumwambia, "Ulikuwa sahihi." Ikiwa wewe usomaye haya utapangiwa shule ile, darasa lile sasa limesogea mbele. Mtafute.